Shamba la Gitaa

Kuna watu huja kumpa mtu pole huku macho yao yako shambani kwake. Wajumbe wawili wa kwaya ya Karuba waliofika kwa Jean-Bosco alasiri ile ya mvua hawakuwa watu wabaya, tusiwasingizie. Lakini kabla ya kuketi walisimama kwanza mlangoni wakatazama ng'ambo ya bonde, kule maharage yalikokuwa yakianza kutoa maua. Ndipo wakakung'uta matope, wakaingia, wakasema pole.

"Aksanti," akajibu Jean-Bosco. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala juu ya goti, umefungwa kitambaa. Alikuwa akitengeneza uzio wa tajiri mmoja wa ng'ombe, seng'enge iliyokazwa ikakatika ikamrukia, ikamchana kiganja kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kwenye zahanati walimshona ngozi vizuri sana. Vidole viwili vya kati vikakataa kukunjika.

"Sasa mukono inaendelea aje?" akauliza Théophile, mwenyekiti wa kwaya, mwenye kiduka cha chumvi na sabuni pale njia panda.

"Inapona."

"Muganga alisema nini?"

"Alisema itapona."

Muganga wa zahanati hakusema hivyo. Alisema watu waombe Mungu, na mtu mzima anajua maana ya muganga kukurudisha kwa Mungu. Mama Nyiraneza, mshauri wa kwaya, ambaye alianza kuimba kabla kanisa halijapata mabati, aliangalia kile kitambaa kisha akaangalia ukuta.

Lililowaleta ni hili. Kanisa la Karuba halikuwa na uwezo wa kumlipa mpiga gitaa, hivyo wazee wa zamani walitoa kipande cha ardhi, cheusi, kinachoshika maji, wakaweka sharti moja: anayetunza gitaa la kwaya na kulipiga ndiye anayelima shamba lile. Gitaa likihama nyumba, shamba linahama nalo. Jean-Bosco alilipokea gitaa hilo wakati Gentille, binti yake mkubwa, alipokuwa bado mgongoni mwa mama yake. Shamba lake mwenyewe lilikuwa kwenye mteremko wa mawe, na muhogo uliotoka huko ulikuwa na ukubwa wa kidole. Nyumba ile, kusema kweli, ilikula gitaa.

"Papa Gentille," Théophile akasema akiitazama kofia yake, "sikukuu ya Mavuno inakaribia. Ile siku gitare haiwezi kunyamaza. Kuko kijana moja ku Mushaki, Rukundo, anapiga muzuri. Iko tayari kuhamia hapa. Lakini unajua, muntu hawezi kuya bure."

Claudette, mke wa Jean-Bosco, alikuwa anaingia na vikombe vya chai. Aliviweka chini, vyote, akanyoosha mgongo.

"Mutupe mpaka ku Mavuno," akasema.

"Juu ya kufanya nini, Mama Gentille?"

"Gitare italia."

"Nani ataipiga?"

"Italia, Papa Prezida. Mwenye ataipiga mutamuona."

Jean-Bosco alimtazama mkewe kama mtu aliyemsikia akiahidi kutoa ng'ombe wasiyekuwa naye. Wageni wakanywa chai, wakaomba dua fupi, wakaondoka chini ya mwavuli mmoja. Hapo ndipo Jean-Bosco alipouliza.

"Ni nani huyo ataipiga?"

"Ni mimi."

Akacheka, na hakikuwa kicheko kizuri. "Umesha ona wapi mwanamuke anapiga gitare mu kanisa?"

"Na batoto yangu kulala njaa nimesha ona wapi? Sijaona, na sitaki kuona."

 

Alianza kwa kumwomba mumewe amfundishe, na hapo kukatokea jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Jean-Bosco hakuweza. Si kwamba alikataa. Alijaribu, kwa uso mkavu, jioni nzima. Lakini yeye mwenyewe hakufundishwa na mtu. Alikaa karibu na mjomba wake miaka mingi, akatazama, vidole vikashika. Hakuwahi kuyatia mambo yale katika maneno.

"Unaweka vidole hapa. Kisha inakuya."

"Inakuya kutoka wapi?"

"Inakuya tu, Mama Gentille!"

Zamani angechukua gitaa akamwonyesha. Sasa aliunyanyua mkono wake wa kushoto, vile vidole viwili vikabaki vimesimama wima, akaurudisha gotini haraka akatoka nje kumtafutia mbuzi majani ambayo mbuzi hakuyahitaji.

Gentille ndiye aliyeleta jambo la simu. Shule ilikuwa imefungwa tena, na alikuwa nayo simu ambayo mjomba wake Akilimali, mfanyabiashara wa mafuta ya mawese kule Mpofi, Walikale, alimletea alipopita mara ya mwisho. Kioo chake kilikuwa na ufa, lakini ilifanya kazi. Alipanda mpaka juu ya barabara ya Mushaki panapokamata mtandao, akarudi jioni miguu imelowa, ameshusha programu ya kufundishia gitaa.

"Mama, angalia. Hii mistari sita njo kamba sita ya gitare. Namba inakuonyesha kaze ya kufinya, hii nafasi katikati ya vyuma ya shingo. Kama ni sifuri, haufinye kitu. Ukigusa hapa, inapiga yenyewe, na wewe unafuata."

"Na hii inaomba mtandao?"

"Hapana. Ikisha kuingia mu telefone, imeingia."

Claudette alisoma mpaka darasa la tano, na namba hazikuwahi kumsumbua. Aliitazama ile mistari ikipita polepole kwenye kioo, namba zimekaa juu yake moja hapa, mbili pale, akaona kitu anachokijua: mtu aliyepanda maharage kwenye matuta sita bila kuyajaza yote. Akachukua gitaa, akaanza, na alichopiga kilikuwa kelele tupu. Gentille akatazama mara mbili tatu, kisha akaanza kucheka mpaka akalazimika kukaa chini. Mama yake alikuwa akisoma juu chini. Katika maandishi yale uzi mwembamba ndio uko juu kabisa. Kwenye gitaa lililolala tumboni, ulio juu, karibu na kidevu chako, ni ule mnene.

"Mwenye aliandika hii alikuwa anasimama na kichwa?" akauliza Claudette kwa hasira.

Alizoea. Alifanya mazoezi jikoni, mlango umefungwa, moshi ukimtoa machozi, simu imeegemezwa kwenye sufuria. Gentille alimwonyesha mahali pa kupunguza kasi, akaipunguza mpaka wimbo ukawa unatambaa. Ncha za vidole zilimwuma mpaka kumenya muhogo kukawa mateso. Na kisimani wanawake walikuwa na lao la kusema, maana jiko la majani halizuii sauti.

"Mama Gentille, utatuchezesha siku gani?"

"Akishika gitare, bwana atafunga kikwembe ya mwanamuke!"

Claudette alicheka pamoja nao, akajitwika ndoo, akapanda kilima. Kicheko kile kilimchoma njia nzima, akafika nyumbani akawagombeza watoto bila kosa.

Tatizo moja halikumtoka. Alikuwa sasa anaweza kufuata somo la kwanza, na la pili, vidole viko mahali palepale simu inaposema, lakini kila alipofika kwenye uzi wa nne mambo yaliharibika. Simu ilishuka, sauti nene, chini kabisa; gitaa lake likaruka juu, sauti nyembamba ya kitoto. Akarudia. Simu chini, yeye juu. Akabadilisha kidole, akafinya kwa nguvu zaidi, akahesabu nyuzi upya kutoka huku na kutoka kule. Ilikuwa vilevile. Gentille naye hakujua. Siku kadhaa alibaki palepale, na siku moja akaliweka gitaa chini, akajipiga vile vidole vya mkono wa kushoto kwa mwiko, akaanza kulia kwa sauti.

Jean-Bosco alikuwa nje, amekaa kwenye gogo nyuma ya jiko. Alikuwa amekaa hapo siku zote hizo. Alijua kosa lilipo tangu mara ya kwanza uzi ule ulipolia, na alinyamaza. Tuseme ukweli ulivyo: alifurahi. Mwanamume yule, ambaye hakuwa mlevi wala mpigaji wa mke, alimsikia mkewe akishindwa na akapata nafuu moyoni, kwa kuwa kama gitaa halimkubali mtu mwingine, basi bado ni lake. Kilio ndicho kilichomshinda. Alisukuma mlango.

"Wacha kulia. Kosa haiko yako."

"Iko ya nani?"

"Telefone haijue gitare yetu."

Akaketi, akamweleza. Wapiga gitaa wa zamani wa huku waliona sauti za wanawake zinakwenda juu, na gitaa likabaki nyuma yao likinguruma. Basi wakautoa uzi wa nne ule mnene, wakafunga mwembamba mahali pake, ili gitaa lipande pamoja na wanawake. Mjomba wake alilifunga hivyo, yeye naye hivyo. Aliyetengeneza programu hakuwahi kufika Karuba.

Claudette alifuta pua kwa mkono. "Ulijua tangu siku gani?"

Gentille akainamia simu yake, akajifanya anatafuta kitu.

"Papa Gentille. Ulijua tangu siku gani?"

"Tangu mwanzo," akasema. Na kwa kuwa alikuwa ameshaanza kusema ukweli, akausema na wote: "Niliona haya. Mutanisamehe."

Claudette hakusema amemsamehe. Alilichukua gitaa, akalipangusa majivu, akamwambia, "Basi leta hiyo wimbo ya bikapo. Iimbe na kinywa. Mimi nitaitafuta."

 

Wimbo wa vikapu ulikuwa wa Jean-Bosco, hakuna programu yoyote duniani iliyokuwa nao. Maneno ni ya kanisa, lakini vile gitaa linavyotangulia, linavyojibizana na waimbaji, mapigo hayo aliyatunga yeye kidogo kidogo miaka yote ile. Siku ya Mavuno kila nyumba hupeleka kikapu chake mbele ya kanisa, na huo ndio wimbo unaowasindikiza.

Gentille aligundua kwamba programu ile haikuwa ya kusoma tu. Unaweza kuandika wimbo wako mwenyewe. Alitafuta kwenye mipangilio mpaka akapata mahali pa kubadilisha sauti ya uzi mmoja mmoja, akaupandisha uzi wa nne wa simu ukawa mwembamba kama wa nyumbani. Kisha wakaanza. Baba anaimba kwa mdomo, tindi-tindi-ta. Mama anatafuta kwenye gitaa, anakosa, anatafuta, anapata. Binti anaandika namba.

"Hapana, si hapo. Shuka kaze moja."

"Hapa?"

"Hapo. Njo hiyo! Sasa bakia hapo kidogo. Usikimbie, hakuna mwenye anakufukuza."

Zilikuwa siku nzuri. Jirani aliyepita angeona watu watatu wamekunja uso juu ya simu yenye ufa, na asingejua kwamba nyumba ile ilikuwa haijacheka hivyo tangu seng'enge ikatike. Jean-Bosco alianza kuona kwamba anayajua mengi kuliko alivyodhani, ila yalikuwa yamelala vidoleni. Claudette akaanza kumrekebisha. "Jana uliimba ingine," alimwambia, na kweli ilikuwa nyingine.

Walipofika mwishoni Gentille akauliza, "Papa, mwisho tuweke wapi?"

"Haina mwisho. Inaisha wakati batu banaisha."

"Telefone inaomba mwisho."

"Basi weka mara tatu."

Akaweka mara tatu, akagusa kioo. Simu ikapiga. Jean-Bosco akasikia mkono wake wa kushoto, mkono wa zamani, mzima, ukitembea kwenye nyuzi bila kukosea. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameinamisha kichwa. Akaomba irudiwe. Akaomba tena. Claudette naye alikuwa ameshika gitaa tayari kufuatisha, lakini akaliacha, akamtazama mumewe tu.

 

Jumamosi ya mwisho kabla ya Mavuno, Théophile na Mama Nyiraneza walirudi kusikia gitaa. Claudette alikuwa amevaa kitambaa kizuri cha kichwa, ameketi kwenye kigoda, gitaa mapajani. Alikuwa na hofu, lakini alikuwa tayari. Wimbo aliujua. Uzuri wake haukuwa wa mumewe, ila ulikuwa wimbo.

"Sasa," akasema Théophile, akitazama huku na huku kana kwamba kuna mtu mwingine atakayetokea chumbani, "mupiga gitare iko wapi?"

Swali lile halikuwa la ubaya. Lakini Jean-Bosco aliona macho ya mwenyekiti yakimpita Claudette na gitaa lake kama yanavyopita kiti, na haya ikampanda tena, ileile. Akaona kesho kanisani. Akaona watu wakimcheka nyuma ya mgongo wake.

"Kabla ya yote, sikilizeni hii," akasema, akaichukua simu kutoka mkononi mwa Gentille. "Hii ni mimi."

Simu ikapiga wimbo wa vikapu. Théophile akafungua mdomo. Akaomba aishike yeye mwenyewe, akaigeuza nyuma kuona sauti inatoka wapi.

"Hii ni weye kabisa! Na iko mu telefone? Inaweza kupiga kila saa?"

"Kila saa."

"Tukiingiza mu bafle ya kanisa, batu bote batasikia?"

"Batasikia."

Théophile akaketi. Alikuwa mtu wa hesabu za kanisa, na mabati ya upande wa watoto yalikuwa yamevuja misimu miwili. Wazo lilimjia likiwa limekamilika. "Kumbe Mungu ametusaidia. Kama telefone inapiga, hatuhitaji tena mupiga gitare. Hata Rukundo asikuye. Ile shamba tunaweza kupangisha kwa mwenye ngombe, tupate mabati."

Jean-Bosco akasema, "Lakini, Papa Prezida..." akaishia hapo. Maneno yalikuwa yake: kila saa, batasikia. Mama Nyiraneza akamtazama Claudette.

"Na weye, mwanangu, ulikuwa unataka kusema kitu?"

"Hapana, Mama. Bwana yangu amesha sema."

Wakaagizwa kuleta simu kanisani mapema, na gitaa nalo, lirudishwe.

Wageni walipoondoka, Claudette alilifunga gitaa katika gunia lake. Hakupiga kelele. Jean-Bosco alitamani apige.

"Mama Gentille."

"Ulinionea haya," akasema. "Nilikuwa nimekaa pale na gitare ku magoti, na ulinionea haya. Ungeniambia tangu mwanzo, ningebakia na maharage yangu."

 

Siku ya Mavuno kanisa lilijaa mpaka nje. Walikuwepo hata waliokimbia vita kutoka Nyamitaba na kupokelewa na ndugu hapa kijijini. Mtu aliyelima mahali pa kuazima naye alileta alichopata. Gitaa lilikuwa limeegemezwa ukutani karibu na mimbari, bado katika gunia. Théophile aliunganisha simu kwenye spika kubwa kwa waya, akasimama kando yake amevaa koti.

Na simu ilipiga vizuri. Asije mtu akasema ilikataa. Sauti ilijaza kanisa, safi kuliko gitaa lenyewe, watu wakageuka kutafuta Jean-Bosco, wakamwona amekaa kwenye benchi mikono mitupu, wakashangaa, kisha wakaanza kuimba. Vikapu vikaondoka. Maharage, viazi, mahindi, kuku amefungwa miguu. Mstari ulikuwa mrefu mwaka huo, ukatoka mlangoni ukazunguka ukuta.

Mara ya tatu ikaisha. Spika ikanyamaza.

Katikati ya kanisa alikuwa mjane mmoja, Mukandayisenga, wa Nyamitaba, na kikapu chenye mihogo michache iliyofunikwa majani ili isionekane ilivyo michache. Alikuwa amengoja wimbo uwe mkubwa ndipo apite. Sasa alisimama peke yake katika ukimya ule, watu wote wakimtazama yeye na kikapu chake. Hakujua aendelee ama arudi. Majani yalikuwa yameteleza, na alijaribu kuyarudisha kwa mkono mmoja.

Théophile alikuwa akigusa kioo huku na huku. Akapata, simu ikaanza tena kutoka kwenye utangulizi, ule mrefu ambapo watu huwa hawatembei. Mjane akasimama tu. Théophile akaizima. Kulikuwa na kitufe cha kurudia bila mwisho, kidogo, pembeni chini, na Gentille alikijua vizuri sana. Alikuwa ameketi na kwaya, hatua chache kutoka hapo, na alitazama viatu vyake.

Ilikuwa kazi ya mpiga gitaa kuangalia mstari. Jean-Bosco aliifanya miaka yote bila kufikiri kwamba ni kazi: mtu akiwa mzee unapunguza, akijikwaa unazunguka tena, na hufungi wimbo mpaka kikapu cha mwisho kimewekwa chini. Alimtazama yule mama akihangaika na majani yake. Aliona haya, lakini safari hii haya ilikuwa ya kitu kingine. Akasimama.

Alikwenda mpaka ukutani, akalitoa gitaa katika gunia kwa mkono mzima na meno. Watu wakadhani atapiga. Wengine wakaanza kupiga makofi. Yeye akapita mbele ya kanisa lote, akavuka kwenda upande wa wanawake, akasimama mbele ya benchi la Claudette.

"Mupiga gitare ni huyu," akasema kwa sauti ya kusikika nje. "Mimi mukono yangu imekufa. Jana nilificha. Mupiga gitare ni bibi yangu."

Claudette hakulipokea mara moja. Alimwacha asimame pale amelinyoosha, watu wanaona, kwa muda ambao Jean-Bosco aliuona mrefu sana na ambao alistahili. Kisha akalichukua.

Alikosea mwanzoni, na kwenye uzi wa nne alikosea tena, kwa hofu tu. Mtu mmoja nyuma akacheka. Lakini macho yake yalikuwa kwa Mukandayisenga, na alipomwona amenyanyua mguu akaendelea, na alipomwona anapanga upya majani akarudi nyuma akazunguka palepale, na wanawake wakamfuata kwa kuwa gitaa lilikuwa limepanda pamoja nao. Mjane akafika mbele. Akakiweka kikapu chake chini kama wenzake. Nyuma yake mstari ukaanza kusogea, na Claudette akapiga mpaka mtu wa mwisho, mzee mwenye yai moja mkononi, amefika.

 

Baada ya ibada walikaa nyuma ya kanisa, Théophile, Mama Nyiraneza na wazee wengine wawili. Théophile alikuwa amekwisha kukubali. Si mtu wa kung'ang'ana. Simu haiwezi kungoja watu, hilo aliliona kwa macho. Mabati yatapatikana kwa njia nyingine. Kilichobaki ni tangazo.

"Tutatangaza jina ya Papa Gentille, sawa zamani," akasema. "Bibi anapiga, bwana analima. Hakuna tofauti, iko nyumba moja."

"Gitare inalala wapi?" akauliza Mama Nyiraneza.

"Kwabo."

"Na nani anaipiga?"

"Mama, unajua vile inaendaka. Hatujatangaza shamba ku jina ya mwanamuke hata siku moja."

"Hatukuwa na mwanamuke wa kupiga gitare hata siku moja."

Wazee wawili wakacheka. Théophile akamgeukia Jean-Bosco, kama mtu anayemtupia kamba. "Papa Gentille, useme weye."

Ilikuwa rahisi. Neno moja, na shamba lingebaki kama lilivyokuwa, jina lake lingetangazwa mbele ya watu walewale waliomwona asubuhi akivuka kwenda upande wa wanawake. Claudette alikuwa amesimama kando na gitaa, hakumtazama. Alikuwa anatazama vidole vyake. Jean-Bosco alilitaka neno lile, alilitaka sana, na alilisikia likimjia mdomoni.

"Mutangaze jina ya mwenye anapiga," akasema.

Wakatangaza.

 

Mvua za kupanda zilipoanza, walishuka wote bondeni na majembe. Jean-Bosco alitangulia kwa mazoea mpaka kwenye mpaka wa shamba. Miaka yote yeye ndiye aliyeingia kwanza, akatazama udongo, akapiga jembe la kwanza na kusema tuanzie hapa. Safari hii alisimama nje ya mpaka.

Wanaume wawili walikuwa wanapita njiani na ndama. "Papa Gentille!" mmoja akaita. "Unangoya nini? Jua inapanda!"

"Ninangoya mwenye shamba," akajibu. Wakacheka, na walipoona hacheki nao, wakaendelea na ndama wao.

Claudette alifika, mtoto mdogo mgongoni. Aliona amesimama.

"Mama Gentille," Jean-Bosco akamwuliza, "tuanzie wapi?"

Claudette alikuwa amelima shamba lile tangu ujana wake, alijua kila jiwe, na hakuna mtu aliyewahi kumwuliza swali hilo. Machozi yakamjia, na aliyaacha.

"Ngoya," akasema. "Ngoya kwanza niangalie."

Jean-Bosco akaweka jembe chini, akangoja.